Kasigau, Longido au Ololokwe: mlima upi wa nyika umfaao mtu wa Mombasa

Kila mwaka kusi ikishashika na jua likapungua ukali, watu huanza kuniuliza swali lile lile. Wamechoka na ufuo, wanataka mlima. Hawasemi Kilimanjaro wala Mlima Kenya, maana hiyo inataka siku nyingi na mfuko mzito. Wanataka mlima wa nyika: ule unaosimama peke yake katikati ya nchi kavu, unaupanda kwa miguu kupitia miiba na miamba, na baada ya siku chache umerudi kwako. Sasa, waende upi?

Mitatu nimeipanda, mingine zaidi ya mara moja, na kila mmoja una watu wake. Kasigau uko Taita-Taveta, mita 1,641. Longido uko ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Arusha, mita 2,637. Ololokwe, ambao wenyewe huuita pia Ol Donyo Sabache, uko kaunti ya Samburu kando ya barabara ya Isiolo kwenda Marsabit, karibu mita 2,000. Ukitazama tarakimu hizo utadhani Kasigau ni wa kuanzia na Longido ni wa mabingwa. Mimi mlima ulionitoa jasho la hofu ni Kasigau, huo mfupi. Ndiyo maana sipangi milima ya nyika kwa urefu.

Naipima kwa mambo haya: safari ya kufika mguuni pake, maji na joto, njia, na pale njia inapokwisha, wanyama na wenyeji, kisha kinachokungoja juu. Gharama nitaigusa kwa uchache, kwa kuwa ada hubadilika na ni bora uulize wiki ile unayokwenda.

Safari ya kufika

Kasigau ni jirani yetu. Unatoka Mombasa asubuhi, unapita Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru na Mackinnon Road, unashuka Maungu, kama kilomita thelathini kabla ya Voi. (Samburu hiyo ni mji wa Kwale. Ya Ololokwe ni kaunti nyingine kabisa, kule kaskazini. Nataja kwa sababu nimewaona watu wakipanga nauli kwa kuchanganya hizo mbili.) Kutoka Maungu unashika barabara ya vumbi kwenda vijiji vilivyouzunguka mlima: Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi, Kiteghe. Ukitoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri, chakula cha mchana unakila chini ya mlima.

Na njia hiyo ni ya zamani. Misafara ya pwani ilikuwa ikivuka nyika ya Taru kwa miguu, ikitegemea ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayoshika maji ya mvua. Mwaka 1847 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai akaenda mpaka Kasigau kwa njia ya huko huko, na mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei 1848, akaendelea mbele zaidi hata akaiona theluji ya Kilimanjaro. Ukikaa dirishani mwa matatu ukaitazama ile nchi nyekundu, yenye vichaka vya kijivu mpaka macho yanachoka, utafahamu kwa nini msafara uliokosa maji Taru haukuwa na la kufanya.

Longido ni safari ya siku nzima. Voi unakata kushoto kwenda Taveta, unavuka Holili, unapita Moshi na Arusha, halafu unapanda kaskazini kiasi cha kilomita themanini kwenye barabara ya Namanga. Mji wa Longido uko barabarani na mlima uko mgongoni mwake. Unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe hata kama safari iliyopita hukuulizwa. Ukienda na gari lako, shughulikia karatasi zake mapema. Usipange kupanda siku unayofika: utalala Arusha au Longido penyewe, uamke nao asubuhi.

Ololokwe ni mbali, tusidanganyane. Mombasa mpaka Nairobi ni karibu kilomita 485, halafu Isiolo, halafu Archer's Post, halafu bado mbele. Jumla inapita kilomita 800, na ukihesabu kurudi, siku nne zimekwisha barabarani peke yake. Afadhali ni kwamba lami inakufikisha karibu kabisa na mlima, na ile mara ya kwanza unapouona, ukuta wa mwamba umesimama wima juu ya tambarare kama meli iliyopanda pwani, inakulipa uchovu wote.

Maji na joto

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoponzeka.

Sisi wa pwani tunajua joto, na kujua huko ndiko kunakotudanganya. Joto la Mombasa lina unyevu. Jasho likitoka linabaki, shati linalowa, linagandamana na mgongo, unakiona kwa macho unachokipoteza na mwili unakuambia kunywa. Nyikani hewa ni kavu. Jasho linakauka kabla hujalihisi. Unatembea saa mbili, unapitisha mkono kwenye shingo, ni pakavu, kuna chumvi tu inayokwaruza kama mchanga mwembamba. Unajisemea leo sijatoka jasho. Kumbe umetoka, tena sana: mtu anayepanda kwenye jua kali anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja.

Ukitaka kuliona jambo hilo, chukua kikoi, ukiloweshe, ukiweke shingoni. Hapa Mombasa mchana wa Februari kitakaa chepechepe mpaka ukichoke, wala hakikupozi. Nilifanya hivyo chini ya Kasigau: kilinipoza kama mtu amenifungulia jokofu, na kabla hatujafika kwenye mbuyu uliokuwa mbele yetu kilikuwa kikavu kabisa, ncha zimekakamaa. Maji yale yamekwenda wapi? Yamekwenda yaendako ya mwilini mwako.

Kwa hiyo kipimo changu, kwa mtu mzima: Kasigau lita nne. Longido lita nne hadi tano. Ololokwe sita, kwa kuwa unalala juu, na maji ya kupikia na ya asubuhi ni yale yale uliyopanda nayo. Usihesabu kisima wala kijito ulichosimuliwa na mtu aliyekwenda msimu wa mvua. Katika lita hizo, chupa moja itie chumvi na sukari: kwa lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Tende zinabebeka na haziharibiki. Mkate wa mofa unastahimili safari. Mahamri yaleni siku ya kwanza, na nazi yoyote ibaki nyumbani, maana kwa joto lile mpaka mchana imechacha.

Kasigau una tabia ya pekee. Nusu yake ya chini ni nyika tupu, jua na miiba. Nusu ya juu ni msitu wa ukungu. Sababu yake ni ule upepo unaotupiga hapa ufuoni Mama Ngina jioni: unatoka baharini na unyevu wake, unavuka nyika yote bila kuacha kitu, mpaka unapogonga Kasigau. Hapo unalazimika kupanda, unapoa, unaacha mawingu na umande juu ya miti. Vijiji vya chini vinaishi kwa maji yanayoteremka kutoka huko. Kwa mpandaji maana yake ni kwamba taabu yako ya joto iko mwanzo na mwisho, si katikati. Anza saa kumi na moja alfajiri na ujitahidi uwe umetoka kwenye miiba kabla ya saa tatu. Kosa linalofanywa sana ni kushuka saa saba mchana kwa kuwa kazi imekwisha, na kuingia kwenye ile tanuri ya chini na chupa tupu. Kaa msituni, pumzika, shuka saa tisa.

Longido ndio mpole zaidi kwa joto. Mji wenyewe tayari uko juu kuliko sehemu nyingi tulizozoea, na kila ukipanda mita elfu moja hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Asubuhi utataka koti. Katikati kuna msitu wenye kivuli. Usumbufu wake ni mwingine: mtu aliyezaliwa na kulelewa usawa wa bahari, akipita mita 2,500, anaweza kuumwa kichwa kidogo na kuhema zaidi ya alivyozoea. Kwa wengi ni jambo dogo, la kupanda polepole tu.

Ololokwe ndio mkali. Sehemu ya mwanzo iko wazi, mwamba unapokea jua na kukurudishia usoni, na mzigo wa maji uko mgongoni tangu hatua ya kwanza. Wenyeji wanaweza kukusaidia kubeba kwa malipo mliyopatana. Mkiwa na wazee au watu wageni wa kupanda, lipeni bila kusita. Anzeni alfajiri, mshinde kivulini juu, kwa sababu juu kuna miti.

Dalili ni zile zile milima yote. Kichwa kugonga, mkojo kuwa wa rangi ya chai, maneno kuanza kukatika, mtu kuacha kujibu mzaha. Mwenzenu akiwa hivyo hakuna kilele siku hiyo. Kivuli, maji kidogo kidogo, nguo iloweshwe, kisha kushuka.

Njia, na pale inapokwisha

Mlima wa nyika una kijia mpaka mahali, halafu hakuna. Kuna vichaka, vipito vya ng'ombe na mbuzi, makorongo makavu, na mwamba. Hapo unakuwa unaukata mlima wenyewe, na kuna jambo moja ambalo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kupanda hakupotezi. Migongo yote ya mlima inakutana kileleni, kwa hiyo ukiendelea tu kwenda juu, hata ukikosea, utafika au utakaribia. Kushuka ni kinyume chake. Kila hatua migongo inaachana, na kosa la mita ishirini karibu na kilele huwa kosa la kilomita nzima chini. Watu hupotea wakirudi, wakiwa wamechoka, wamefurahi, maji yamebaki kidogo.

Mimi ilinipata Kasigau, safari yangu ya pili. Tulikuwa wanne kutoka Kisauni na mzee wa kijijini akituongoza. Wakati wa kushuka yeye alibaki nyuma na mwenzetu aliyeteguka kidogo mguu. Mimi na binamu yangu tukatangulia, tukiona njia si tunaijua, asubuhi tumeipita. Tukashuka na mgongo uliokuwa unafanana kabisa na wetu. Kulikuwa na kipito, tena kimekanyagwa vizuri, na samadi mbichi. Tukakifuata nusu saa. Kikatupeleka pembeni, kikaingia korongoni, na sisi tukabaki juu ya jabali linaloangalia chini, urefu wa mnazi na nusu. Chupa yangu ilikuwa na maji ya vidole viwili. Binamu yangu alitaka tutafute pa kuteremkia kwa kushika mizizi, na nilikuwa nimeshaanza kukubali.

Tukasikia sauti ya mzee juu, mbali. Hakuja. Alipaza tu: “Wanangu, msishuke! Rudini juu mpaka pale mnapopajua!” Tulipanda tena dakika arobaini tukiwa na hasira na kiu, na tulipomfikia, hakutugombeza. Alitupa maji yake akasema, “Kipito cha ng'ombe, mwanangu, kinakwenda anakotaka ng'ombe.”

Tangu siku hiyo nina mazoea mawili. La kwanza, wakati wa kupanda, kila penye mgawanyiko nageuka nyuma nikatazama nitakachokiona wakati wa kurudi, na nakipiga picha kwa simu, kwa sababu mlima una sura mbili na ile ya kurudi hujaiona bado. La pili, nikiwa na shaka sishuki. Napanda mpaka pale ninapopajua.

Kwa kipimo hiki, basi: Kasigau una njia kali, iliyosimama, kiasi cha saa tatu hadi nne kupanda kwa mwendo wa kawaida, na karibu mita elfu moja za kimo kutoka tambarare. Kipande cha chini kina miiba ya kulabu, ile inayokushika mkono wa shati. Ikikushika usivute mbele, itazama zaidi. Rudi nyuma hatua moja, itajiachia yenyewe. Suruali ndefu ni lazima. Juu kwenye msitu mizizi imelowa na mawe yana ukungu, viatu vya soli laini vitakuangusha.

Longido una njia inayoeleweka zaidi kwa sehemu kubwa, migunga kwanza, kisha msitu, kisha miamba. Ni ndefu: kwenda na kurudi mtu wa kawaida anatumia saa nane hadi kumi. Kipande cha mwisho chini ya kilele ni cha mikono na miguu, na mwenye kuogopa kimo anaweza kuamua kusimama hapo bila aibu, kwa sababu mandhari ameshayapata.

Ololokwe unapandwa kwa upande wa nyuma ya ule ukuta, saa tatu au nne. Si mgumu kwa miguu. Mgumu ni kule juu, kwa kuwa ni uwanda mpana wenye miti, na uwanda hauna kilele cha kukuelekeza. Ukizunguka huko peke yako jioni unaweza kukosa kambi, na upande mmoja wa uwanda huo unaishia kwenye genge. Giza likiingia, kila mtu na tochi ya kichwani, na hakuna kwenda kujisaidia upande wa ukingo.

Wanyama na wenyeji

Hakuna mlima kati ya hii unaopandwa bila mwenyeji. Mbali na sheria na ada za mahali, ni uhai wako.

Kasigau uko katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kwenye ukanda ambao tembo hupita toka mbuga moja kwenda nyingine, na simba wako. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba raha ni kutoka barabara kuu kwa miguu ukikata nyika mpaka mlimani kama enzi za misafara. Fika kijijini kwa chombo, anza hapo, na mwongozaji wa hapo. Wenyeji wanautunza msitu huo kwa miaka mingi, na ukanda huo umejulikana duniani kwa mradi wa kuuza hewa ya kaboni kwa kutokata miti. Ukipata mzee wa kukaa naye jioni, muulize habari za 1915. Vita Kuu ilipowafikia, Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasigau kuwa upande wa Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu mpaka huku pwani, upande wa Malindi. Wengi hawakurudi. Ukishaisikia habari hiyo kwa mtu ambaye babu yake alitembezwa, kuupanda mlima kunabadilika.

Longido nao una kumbukumbu ya vita hiyo hiyo: tarehe 3 Novemba 1914 majeshi ya Waingereza yaliushambulia na kurudishwa siku ile ile. Leo unaongozwa na Wamaasai wa hapo mjini, ambao wamezoea wageni na Kiswahili chao ni safi. Mnyama wa kuogopwa ni nyati, msituni. Mwongozaji akisema nyamazeni, nyamazeni. Akisema tusubiri, subirini, hata kama ni dakika ishirini na hamuoni kitu.

Ololokwe ni mlima mtakatifu kwa Wasamburu. Hili lichukuliwe kwa uzito ule ule ambao ungetaka mgeni auchukue msikiti wa mtaani kwako. Hakuna muziki wa spika, hakuna kupiga watu picha bila idhini, taka zote zinarudi chini. Wakati wa ukame wafugaji hupandisha mifugo huko juu kutafuta malisho, kwa hiyo mgeni ni wewe. Ardhi hiyo iko ndani ya hifadhi ya jamii ya Namunyak, iliyoanzishwa 1995, na wenyewe ndio wanaowaongoza wageni. Jifunze “supa” ya kusalimia. Utaona nyuso zinavyofunguka. Tembo wanapita eneo hilo pia.

Kinachokungoja juu

Kasigau nakwambia ukweli: unaweza kufika na usione chochote. Ukungu umekaa, miti imevaa kuvu na ndevu za kijani, matone yanaanguka ingawa mvua hainyeshi. Kwa mtu aliyepanda kwa ajili ya picha ni hasara. Kwangu mimi, kutoka kwenye vumbi jekundu asubuhi na saa nne kusimama mahali ambapo pumzi yako inatoka moshi, ndilo jambo la ajabu kuliko yote niliyoyaona katika kaunti zetu za karibu. Wingu likifunguka, nyika yote iko chini yako.

Longido ni wa kuona mbali. Asubuhi safi Kilimanjaro iko upande mmoja na Meru upande mwingine, na tambarare ya Wamaasai katikati. Mawingu huifunika Kilimanjaro mapema, ndiyo maana wanaolala njiani na kumalizia alfajiri hufaidi kuliko wanaopanda siku moja.

Ololokwe unakupa kitu ambacho hiyo miwili haina: unakaa ukingoni, mbali kidogo na ukingo, na unawatazama tumbusi kwa juu. Kwenye genge lile wanazaliana tumbusi wa Rüppell. Tumezoea kumtazama ndege huyu akiwa nukta angani. Pale anapita chini ya miguu yako, unaona manyoya ya mgongo yakipangika na upepo, unasikia mvumo wa mbawa. Ni ndege wa aina hii aliyegongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, kwenye kimo cha mita 11,300. Usiku, hakuna taa ya mji inayokusumbua. Nilihesabu nyota zinazoanguka mpaka nikasinzia.

Gharama, kwa kifupi

Kasigau ni nafuu sana kuliko mingine, nauli ikiwa ndiyo sababu kubwa. Longido una ada na mwongozaji, na pesa za kubadilisha mpakani. Ololokwe, ukijumlisha gari, mafuta, chakula cha siku zote hizo, ada ya jamii na wabebaji, inafaa mkiwa watu wanne au zaidi mkigawana. Kwa milima yote mitatu patana kabla hamjaanza kutembea, na bakshishi iwekeni kando tangu nyumbani.

Kwa hali yako

Una Jumamosi na Jumapili tu, na pesa ya kuhesabu: Kasigau. Lala kijijini usiku wa kwanza, panda Jumapili alfajiri, usiku uko Mombasa. Omba Jumatatu uingie kazini mchana kama unaweza.

Hujawahi kupanda mlima wowote, lakini siku nne unazo na joto ndilo unaloliogopa: Longido, tena kwa siku mbili badala ya moja. Njia inaeleweka na ubaridi utakusaidia. Mwenye nia ya Kilimanjaro siku za mbele pia aanzie hapo, kwa sababu ndio mlima pekee kati ya hii mitatu utakaomwonyesha mapafu yake yanavyopokea kimo.

Una watoto wa miaka kumi na kuendelea: Kasigau mpaka mwanzo wa msitu kisha mrudi, bila kung'ang'ania kilele. Ololokwe sikushauri pamoja na watoto wanaopenda kukimbia, kwa ajili ya ule ukingo. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza, na asichague Ololokwe kwa safari ya kwanza, kwa kuwa gari la kumfikisha hospitali liko mbali na usiku uko juu ya mlima.

Una kundi lenye nguvu na likizo ya wiki, mnataka kulala chini ya nyota: Ololokwe, na mmoja wenu awe na kazi ya maji tu, asishughulike na lingine.

Kuhusu miezi, Juni mpaka Septemba inafaa kwa yote mitatu. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na nchi imekauka, Longido bado inawezekana, Kasigau anzeni mapema zaidi, Ololokwe iacheni. Wakati wa masika njia ya vumbi kutoka Maungu huwa tope na mwamba wa Longido huteleza. Mwezi wa Ramadhani msipande kabisa. Ngojeni wiki mbili za Shawwal, mwezi unaofuata, zipite, mwili urudie mazoea ya kunywa mchana.

Na kama kundi lenu bado linabishana, fanyeni hivi Jumamosi ijayo. Kila mtu abebe lita tano za maji mgongoni, mtoke daraja la Nyali alfajiri, mtembee mpaka daraja la Mtwapa bila kuyagusa maji hayo, mkinywa ya chupa nyingine. Wote wakifika mabega yakiwa mazima, anzeni kuulizia gari la Ololokwe. Wawili watatu wakiwa wameomba kupunguziwa mzigo pale Shanzu, nendeni Kasigau kwanza.